Mguu Bandia Uliowekwa Mvunguni: Uchambuzi wa Kisa cha Kukatwa Mguu Chini ya Goti

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na matatizo yanayojirudia katika karakana za viungo bandia, na vipimo vyake vimewekwa ili sababu na matokeo yaonekane wazi.

Mhusika ni dereva wa bodaboda wa Muheza, Tanga, mwenye miaka 32. Alivunjika mguu wa kushoto kwenye ajali, mfupa ukatokeza nje, kidonda kikaoza, na madaktari wakalazimika kuukata chini ya goti. Wiki ya 10 baada ya upasuaji alipewa mguu bandia wa polipropilini wenye unyayo wa SACH, yaani unyayo usio na kiungo cha kifundo, wenye sponji kisiginoni ya kupunguza kishindo. Aliuvaa kama miezi miwili akauacha. Mwezi wa nane anarudi kwa magongo, mguu ukiwa kwenye mfuko. Malalamiko yake ni matatu: mguu ni mfupi, unamchoma mbele chini, na usiku vidole ambavyo havipo vinajikunja kwa maumivu. Nyumbani ndugu wameshaanza kuchanga fedha za kununua "mguu wa kisasa", kwa sababu huu wa plastiki wameona ni wa maskini.

Tuanze na hilo la plastiki, maana lingekula fedha za ukoo mzima bure. Mguu wa polipropilini, aina ya plastiki, ni teknolojia iliyoendelezwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kwa ajili ya nchi zenye joto, vumbi na kipato kidogo, na mwaka 2004 ilitunukiwa tuzo na ISPO, chama cha kimataifa cha wataalamu wa viungo bandia. Wataalamu wengi wa Afrika Mashariki waliosomea TATCOT, chuo kilichopo Moshi tangu 1981, wanaifahamu vizuri. Ni imara, haiozi kwa jasho, na inarekebishika kwa joto. Soketi ni kile kikombe kinachopokea kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki; unyayo wa bei kubwa ukifungwa chini ya soketi isiyokaa vizuri unatoa maumivu yaleyale kwa bei kubwa. Kwa aliyekatwa chini ya goti, mguu hukubaliwa au hukataliwa pale ngozi inapokutana na soketi.

Kabla ya kugusa mguu bandia, kigutu kilipimwa. Urefu wake kutoka kwenye kiungo cha goti ulikuwa sentimita 14, ambao ni urefu mzuri wa kubebea mguu. Mzingo ulilinganishwa na kadi ya siku ya kuchukua plasta, yaani umbo la kigutu la kutengenezea soketi. Usawa wa katikati ya kano ya pia ya goti ulikuwa sentimita 35, sasa 34. Sentimita 5 chini yake ulikuwa 34, sasa 31.5. Sentimita 10 chini ulikuwa 32, sasa 28. Tazama mteremko wa tarakimu hizo: juu kimepungua kidogo, chini kimepungua mno. Kigutu kilichopigwa plasta kikiwa kimevimba, kinene kwa chini, sasa kimechongoka. Soketi yenyewe haikubadilika.

Mbele, kwenye ncha ya mfupa wa muundi, palikuwa na kidonda cha sentimita 1.5. Chini ya pia ya goti palikuwa na sugu changa. Ukibonyeza kichwa cha mfupa mwembamba wa nje, anaruka, na ganzi inapita pembeni ya kigutu, kwa sababu neva inazunguka shingo ya mfupa huo. Goti lenyewe halikunyooka: lilibakisha nyuzi 12.

Kisha akavaa mguu na soksi moja aliyopewa siku ya kwanza. Donge dogo la udongo wa kufinyangia wa watoto liliwekwa kwenye kitako cha soketi, akasimama kwa uzito wake wote, mguu ukavuliwa. Soketi ikikaa sawa, donge hubonyea likabaki na unene wa milimita chache. Hili lilisagika kabisa. Mikono ilipowekwa kwenye mifupa ya nyonga kutoka nyuma, upande wa kushoto ulionekana kushuka kiasi cha sentimita moja na nusu.

Hapo malalamiko mawili ya kwanza yanapata jibu moja. Kigutu kimesinyaa, kwa hiyo kinazama ndani ya soketi. Kikizama, mguu unakuwa mfupi. Kikizama, kila sehemu ya mwili inahama kutoka kwenye nafasi iliyotengenezewa. Ule ukingo wa ndani uliokusudiwa kubana kano ya pia ya goti, mahali panapostahimili uzito, sasa unasukuma pia yenyewe. Shimo lililoachwa kwa ajili ya kichwa cha mfupa wa nje linabaki juu, na kichwa kinakutana na ukuta. Ncha ya muundi, ambayo haifai kubeba chochote, inagota chini.

Na kulikuwa na jambo lililozidisha. Alipoona mguu ni mfupi alikwenda kwa fundi viatu, akabandikiwa kipande cha raba kisiginoni mwa kiatu cha kushoto. Mtu angefikiri amejisaidia. Kisigino kikipanda peke yake, mguu bandia wote unainama mbele, goti linasukumwa likunjike kila anapokanyaga, na ncha ya muundi inakandamizwa zaidi kwenye ukuta wa mbele wa soketi. Lile goti lisilonyooka likaongezea palepale. Kidonda kilitokana na mambo hayo matatu kwa pamoja.

Mizizi ya yote iko kwenye wiki za mwanzo. Hospitali alikokatwa alifungwa bandeji kwa kuzungusha duara, ikibana juu kuliko chini. Bandeji ya namna hiyo inazuia damu kurudi na kuacha kigutu kimejaa chini mfano wa balbu. Inayotakiwa ni bandeji ya krepu yenye upana wa sentimita 10 hadi 15, inayopita kwa mshazari kuchora namba nane, ikibana zaidi kwenye ncha na kulegea kadiri inavyopanda, ivuke juu ya goti, na ifungwe upya kila baada ya saa nne hivi kwa sababu hulegea yenyewe. Ikisababisha mapigo au ncha kubadilika rangi, inafunguliwa mara moja. Nyumbani alishinda kwenye kiti cha plastiki kigutu kikining'inia, na usiku mama yake, kwa huruma, alimwekea mto chini ya goti. Mto huo ndio uliopunguza unyookaji. Huruma ya namna hii ni ngumu kuikataza, hivyo ni vizuri mama naye aitwe kliniki aonyeshwe sababu.

Jambo la mwisho katika mizizi, na pengine kubwa kuliko yote: aliondoka na soksi moja, bila kufundishwa kwamba kigutu kitasinyaa. Kigutu hubadilika kwa miezi 6 hadi 18 baada ya upasuaji. Kwa hiyo soketi ya kwanza ni ya mpito, na mtu asipoambiwa hivyo ataona amepewa kitu kibovu.

Matibabu hayakuanzia karakanani. Kwa kuwa mfupa uliwahi kuwa na maambukizi, picha ya eksirei ilihitajika ili kuondoa shaka ya usaha kwenye mfupa au mwiba wa mfupa kwenye ncha, pamoja na kipimo cha sukari kwenye damu. Vyote vikiwa safi, kilichobaki ni kidonda cha msuguano. Kanuni iliyofuatwa ni hii: mguu hauvaliwi mpaka ngozi ifunge. Kubandika plasta juu ya kidonda na kuendelea kutembea kunaongeza unene pale pale penye shinikizo.

Wakati kidonda kinapona, kazi ilikuwa kwenye goti. Kulala kifudifudi dakika 20, mara tatu kwa siku, mapaja yakiwa sambamba na uso umegeuziwa upande wa mguu mzima, ili nyonga nayo inyooke. Kukaza misuli ya mbele ya paja huku goti likinyooshwa, kushikilia sekunde 10, kurudia mara 10, mizunguko mitatu kwa siku. Akikaa, kigutu kinawekwa juu ya ubao au kiti kingine, goti likiwa limenyooka. Mto ulipigwa marufuku. Goti lenye upungufu wa nyuzi 12 kwa kawaida hurudi kwa mazoezi na kutembea; likizidi 25 mambo huwa magumu, na mguu wenyewe hulazimika kutengenezwa kwa kufuata mkunjo huo.

Swali la ufundi lilifuata: kuongeza soksi, kuweka pedi, au kutengeneza soketi mpya? Soksi za kigutu hupimwa unene kwa plai, na huja za plai 1, 3 na 5. Alipojaribiwa, ilihitajika plai 12 ili asizame, na hata hivyo juu alibanwa huku chini pakiwa na nafasi. Soksi huongeza unene sawa kila mahali, ilhali yeye amepungua chini zaidi. Zikifika plai 10 na kuendelea, umbo la soketi halifuatani tena na umbo la mguu. Uamuzi ukawa soketi mpya, na unyayo wa zamani ukaguliwe utumike tena.

Plasta ilichukuliwa goti likiwa limekunjwa kidogo, soksi nyembamba ikiwa imewekwa alama kwa penseli ya wino: pia ya goti, kano yake, ukingo wa muundi, ncha ya muundi, kichwa cha mfupa wa nje na ncha yake. Alama hizo hujichapa ndani ya plasta na kuhamia kwenye umbo la jasi. Kwenye umbo hilo fundi alichonga ndani sehemu zinazostahimili uzito: kano ya pia ya goti, bawa la ndani la muundi, nyama za pembeni mwa ugoko. Akaongeza jasi ya milimita 3 hadi 5 juu ya sehemu zisizotaka kuguswa: kichwa cha mfupa wa nje, ukingo wa muundi na ncha yake. Kitako cha soketi kiliachwa kiguse ncha ya kigutu kwa ulaini. Pakiachwa pengo, damu na maji hukusanyika, ncha huvimba, ngozi hukakamaa na baadaye hupasuka. Juu ya umbo likavikwa tabaka laini la EVA, aina ya sponji, la milimita 6, kisha polipropilini iliyopashwa moto kwenye oveni ya nyuzi 180 za Selsiasi ikavutwa kwa pampu ya hewa. Ukingo wa nyuma ulishushwa kidogo kwa ajili ya kano za nyuma ya goti. Ukiachwa juu, mtu akikaa mguu unasukumwa utoke.

Upangaji ulifanywa kwa kiatu anachokivaa kila siku. Hili wateja wengi hawalijui. Unyayo wa SACH hauna kifundo cha kujirekebisha, kwa hiyo urefu wa kisigino cha kiatu ni sehemu ya mguu. Ukiupanga kwa kiatu chenye kisigino cha sentimita 1.5 kisha mtu akavaa kandambili bapa, goti linasukumwa nyuma na anatembea kama anayepanda mlima kwenye sakafu tambarare. Mtu wa Tanga huvua viatu mlangoni, huvua msikitini. Nyumbani alishauriwa awe na ndara maalumu za ndani zilizoongezewa kisigino kulingana na kiatu, na msikitini awe na kipande cha raba cha kuvalisha kisiginoni chini ya soksi ya kawaida. Kuswali kwa kiti ni jambo analoamua yeye, ila kupiga magoti juu ya soketi kwa muda mrefu kunabana mbele ya goti na ni vizuri alijue kabla. Kwa choo cha kuchuchumaa suluhisho lilikuwa kiti cha mbao chenye tundu na bomba la kujishikiza ukutani, vitu ambavyo seremala na fundi bomba wa mtaani huvitengeneza.

Siku ya kwanza alivaa dakika 30 tu, nusu yake akiwa kati ya vyuma sambamba vya kujishikia, mguu mmoja juu ya mizani ya bafuni na mwingine juu ya kitabu chenye unene uleule, akijifunza kuupa mguu wa kushoto nusu ya uzito wake. Watu husema wanakanyaga sawa. Mizani huonyesha kilo 15 kati ya 66. Baada ya hapo anavua na ngozi inakaguliwa, kila siku, muda ukiongezwa kwa nusu saa kama ngozi iko salama. Vitabu husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha: papasa kwa mgongo wa mkono kutafuta joto, tazama doa lenye kung'aa au lililoiva zaidi, na tumia kioo kuona nyuma. Alama kwenye kano ya pia ya goti ni ya kawaida na inatakiwa ipotee ndani ya dakika 15 hivi. Alama kwenye ncha ya muundi au kichwa cha mfupa wa nje ni ya kuripoti hata kama haiumi.

Somo la soksi lilichukua muda mrefu kuliko kutembea kwenyewe, na ilistahili. Asubuhi kigutu kimejaa, plai 1 inatosha. Baada ya saa chache za kutembea kinasinyaa. Hapo mguu unaanza kulegea na kupiga juu na chini. Maumivu yakiwa chini mbele, au chini ya pia ya goti, au mguu ukionekana mfupi: anazama, aongeze plai moja, asiruke hadi tano. Maumivu yakiwa ya kubanwa juu, mguu ukaonekana mrefu, au ncha ikahisi kuning'inia hewani: soksi zimezidi, apunguze. Soksi isikunjike hata kidogo, maana mkunjo mmoja unatosha kutoa lengelenge kabla ya adhuhuri. Alipewa sita, ili daima kuwe na safi na za akiba mfukoni, kwa sababu kigutu hakisubiri mtu afike nyumbani ndipo kisinyae.

Jasho ni tatizo la pwani lisilo na dawa moja. Avue mguu mchana, akaushe kigutu na EVA kwa kitambaa, abadilishe soksi. Kigutu huoshwa jioni kwa sabuni ya kawaida, kwa kuwa ngozi iliyolowa asubuhi huwa laini na kushika kwenye soketi. Mafuta hupakwa usiku pekee. Nywele hazinyolewi, vinyweleo vilivyokatwa hugeuka majipu chini ya shinikizo.

Maumivu ya mguu usiokuwepo yalishughulikiwa peke yake, na kwanza kwa kumwambia kuwa si wazimu wala uchawi: neva zilizokatwa na ubongo bado vinautafuta mguu. Alielekezwa kukanda kigutu, kufunga bandeji vizuri usiku, na zoezi la kioo dakika 15 kila siku. Kioo kirefu kinasimamishwa kati ya miguu, mguu mzima unaakisiwa mahali pa ule uliokatwa, na mtu anavifungua vidole polepole huku akitazama taswira. Kwa baadhi ya watu maumivu hupungua baada ya wiki chache. Wengine huhitaji dawa kama amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku, ambayo daktari huipanga. Hatari inayosahaulika ni ya usingizini: mtu huamka kwenda chooni akaukanyagia mguu ambao haupo, akaangukia kigutu. Magongo yaegemee kitanda upande anaoshukia.

Kwa kutembea nje, ngazi hupandwa kwa mguu mzima kwanza na kushukwa kwa mguu bandia kwanza. Mteremko mkali hushukwa kwa upande. Aelewe pia kwamba kutembea kwa mguu bandia chini ya goti kunatumia nguvu takriban robo zaidi ya kawaida, hivyo kuchoka mapema si uvivu.

Ilibaki kazi, ambayo ndiyo hasa iliyomrudisha kliniki. Kwenye pikipiki mguu wa kushoto hubadilisha gia, na unyayo usiokunjika hauwezi kuinua pedali kwa ncha ya kiatu. Pedali ya kukanyaga mbele na nyuma hupunguza tatizo, lakini akisimama kwenye mchanga au utelezi akiwa na abiria, bado mguu wa kushoto unatakiwa kushika uzito wa chombo kwa ghafla. Bajaji ilimfaa zaidi: klachi na gia ziko mkono wa kushoto, breki iko mguu wa kulia, na chombo hakihitaji kuegemezwa. Angekuwa amekatwa mguu wa kulia ushauri ungekuwa tofauti kabisa. Suala la leseni lilitakiwa limalizwe na cheti cha daktari kabla ya kukodi chombo. Ile michango ya ndugu ikaelekezwa huko: amana ya bajaji, nauli za kliniki, soksi, na akiba ya unyayo.

Akiba ya unyayo ina sababu. Sponji ya poliyurethini huchakaa upesi kwenye joto na unyevu, hata mguu ukiwa umekaa tu, na mara nyingi unyayo huanza kufa wakati soketi bado nzima. Kila mwezi avue kiatu aangalie nyufa kwenye nyayo na mikunjo ya vidole, abonyeze kisigino kwa gumba kuona kama kinarudi, na ajaribu kuuzungusha unyayo kwa mkono. Ukicheza, boliti imelegea. Kisigino kikifa kinabaki bapa, na goti linaanza kusukumwa nyuma kama siku za kandambili. Miadi iliwekwa wiki ya 2, mwezi wa 1, wa 3 na wa 6, kila safari kadi ya mizingo ikijazwa upya, pamoja na maagizo mawili ya kurudi bila kusubiri miadi: kidonda chochote kisichofunga kwa siku tatu bila mguu kuvaliwa, na siku soksi zinapofika plai 10.